Njaa ya Hamira, Chai ya Bwana Lebo

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeamka na nia safi. Imedumu hadi saa mbili na robo, nilipomkuta Bwana Lebo amekalia kiti changu.

Nimweleze nimalize, maana kumwandika kunanipandisha presha. Wiki ya tatu sasa tangu ahamishiwe chumba chetu cha kupikia, hapa maabara. Hatupikii watu. Tunapikia vijidudu: ujiuji unaoganda kama jeli, tunaumimina kwenye visahani vya kioo, wataalamu wanapandikiza vijidudu vyao juu yake. Miaka kumi na tisa nimepika humu peke yangu, mimi na jiko la mvuke na Mola wangu. Ndiyo maana wananiita Mama Mvuke. Dakika ishirini za mvuke nazipima kwa dua. Nikishamwombea mume wangu, watoto, na majirani hadi nyumba ya saba, chakula kimeiva. Yeye ana saa ya kengele. Na karatasi za gundi. Chupa ya chumvi ameibandika CHUMVI. Kiti changu amekibandika KITI. Leo kwenye chupa yangu ya chai nimekuta CHAI, pamoja na tarehe. Nimebandua. Nina mkebe wa lebo nilizobandua, umefika nusu.

Mkuu wa taasisi amesema baada ya wiki mbili atamteua mmoja wetu awe msimamizi wa chumba na mwenye ufunguo. Nilikaa kimya kwa unyenyekevu. Bwana Lebo naye alikaa kimya, ila kwa kiburi.

Lakini lililo moyoni ni jingine. Binti wa kaka yangu anasoma hapa hapa, ghorofa ya juu. Anasomea hamira. Ndiyo, hii hii ya mkate. Ijumaa ya wiki ijayo atasimama mbele ya jopo la wakubwa watatu. Wakiridhika, ana miaka miwili mingine ya masomo. Wasiporidhika, anafunga sanduku na kurudi kwa baba yake, ambaye ameshamtengea stuli nyuma ya kaunta ya duka na hafichi kwamba inamsubiri.

Leo amenieleza kazi yake, polepole, kama mtu anayemlisha mtoto uji. Hamira ikishiba, kila seli ni duara kama shanga. Inazaa mtoto, mtoto anaachana na mama, anakwenda zake. Lakini ikinyimwa naitrojeni, kile kirutubisho cha kujenga mwili, inabadilika umbo. Inarefuka kama tango. Mtoto haachani tena na mama. Wanashikana mnyororo, wanatoka kutafuta chakula. Na nani anawaambia warefuke? Hapo ndipo penye masomo yake. Kwenye ngozi ya seli kuna kama mlinzi wa getini. Akiona chakula hakuna, anamwambia tarishi, tarishi anamwambia katibu, katibu anaingia chumba cha ndani na kufungua faili la kurefuka. Binti ana hamira mbili. Moja nzima, nyingine amemwondoa tarishi. Zikilazwa njaa zote, ile nzima itarefuka, ile isiyo na tarishi itabaki duara, maana habari haifiki ndani. Akilionyesha jopo hivyo tu, amefaulu.

Nikamwuliza kama hizo hamira zinaumia. Akacheka, akasema, Shangazi, hamira haina tumbo.

Hilo si jibu.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimepata wazo. Limenijia katikati ya kuwaombea majirani, kwa hiyo lina baraka.

Seli ikikosa chakula inatoka kutafuta kwingine. Haya. Bwana Lebo analishwa na nani? Na mimi. Vikombe vitatu kwa siku na biskuti nne, kutoka chupa yangu, kwenye kile chumba kidogo cha kando, kwa sababu maabara hairuhusiwi hata kutafuna. Nikimkatia chai, atarefuka, atatoka, ataomba uhamisho idara nyingine yenye birika. Sitakuwa nimemfukuza. Itakuwa ni sayansi.

Nimeanza leo. Alipoleta kikombe nikamwambia imekwisha. Akaitazama chupa, chupa ikatoa moshi kidogo. Akasema si kitu, Mama Mvuke, basi kesho.

Mchana nikapika chakula cha njaa cha binti. Visahani sita. Nikasimama juu ya sufuria na karatasi yake ya vipimo, roho ikanisuta. Viumbe hai, wageni wangu, na mimi ndiye ninayewapakulia utupu. Halafu jopo lije liwakute wamekonda, waseme binti wa kaka yangu hajui kutunza kitu. Nikatoa mfuko mdogo wa ile mbolea nyeupe ambayo mume wangu anaweka kwenye mboga zake za dirishani. Nikatia chembe tatu. Sawa, nusu kijiko. Mola anaona yote, hakuna haja ya kupunguza hapa.

Zitanawiri.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Siku ya tatu bila chai. Bwana Lebo hajatoka. Amesogea.

Ameisukuma meza yake hadi kando ya jiko la mvuke, anasema mwili usio na chai unataka joto. Sasa nikigeuka, ndiye. Nikiinama, ndiye. Saa nne akaingia kile chumba cha kando kutafuta kitu cha kutia mdomoni. Akapekua kabati la kushoto, akapekua la kulia, akafika kwenye droo ambayo hata mimi nilikuwa nimeisahau. Akatoa biskuti za mwaka juzi, akazibandika tarehe, akazila.

Nikamdokeza kwamba idara ya mimea wana birika la umeme jipya. Akasema amelisikia. Nikamdokeza kwamba wana maziwa pia. Akasema yeye Mama Mvuke anaishi naye vizuri tu, kwa nini akawasumbue watu wa mimea.

Anaishi naye vizuri. Nimekwenda kuosha uso.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mungu anisamehe, na ikiwezekana anisamehe kabla ya Jumatatu.

Binti ameniita ghorofani nitazame kwenye hadubini. Shanga. Kila mahali shanga, duara, nono, kila moja na nafasi yake. Nikasema mashallah, wamependeza. Nikainua kichwa nikamkuta ameweka paji la uso mezani.

Akasema zote ni duara, Shangazi. Ile isiyo na tarishi, na ile nzima pia. Kama vile hakuna aliyelala njaa. Kama vile mtu amewapa amonia. Nikauliza amonia ndiyo nani. Akasema ina naitrojeni ndani yake, ikiwepo hata kidogo yule mlinzi wa getini anaona chakula kipo, hamwiti tarishi, watu wanaendelea na shughuli zao. Kisha akaniuliza, taratibu, nimeweka nini kwenye sufuria. Nikamwambia nimeweka alichoandika, na dua. Yote mawili ni kweli. Kilichobaki sikuulizwa.

Nyumbani nikachukua mfuko mkubwa wa mbolea. AMONIA, herufi za kimo cha kidole. Mume wangu akasema imeandikwa hapo miaka yote, kwani wewe husomi? Nikamwambia lebo sisomi, nina sababu zangu za kikazi.

Nimetubu kwa Mola, kwa kirefu. Binti bado sijamwambia. Ana mambo mengi kichwani, mtoto wa watu, nisimwongezee. Amesema muda uliobaki unatosha mara moja tu: tumimine kesho, apandikize kesho hiyo hiyo, hamira zikae siku tano, Alhamisi afanye jaribio la mwisho, Ijumaa jopo. Tukikosea tena, stuli ya dukani.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimepika kwa karatasi. Hakuna chembe. Mfuko nimeuacha nyumbani, na ufunguo wa kabati lake nimempa mume wangu, ambaye hakuuliza, ana akili.

Leo si siku ya kazi ya Bwana Lebo, lakini alikuja. Amekuja na birika lake. Limebandikwa BIRIKA. Ameliweka chumba cha kando, kwenye plagi yangu. Njaa yangu yote ya siku nne imemzalia birika.

Na haikuishia hapo. Akasema mbele ya binti kwamba kila kisahani kiwe na pacha wake: sita vya binti, sita vingine vikae kwenye kabati lake la joto, vimeandikwa tarehe na saa. Nikasema ni upotevu wa ujiuji. Nikasema miaka kumi na tisa sijawahi kupika pacha. Binti akasema sawa, Mjomba, vipandikizwe vyote. Mjomba! Wiki tatu tu na ameshakuwa mjomba.

Halafu akaona kitu cheupe pembeni ya mizani. Chembe moja, ya Jumanne. Akaniuliza ni nini. Nikasema chumvi. Akaichukua kwa ncha ya kidole, akainusa, akanitazama kwa muda ambao si wa kawaida kumtazama mke wa mtu. Kisha akaandika kitu kwenye daftari lake na kulifunga.

Nimewaombea majirani hadi nyumba ya kumi na nne. Chakula kiliiva kupita kiasi, tukapika upya.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Sifa zote ni zake aliyeumba.

Nimeziona. Kwenye kisahani cha hamira nzima, ukingoni mwa kile kijiduara cheupe, wametoka. Warefu, wembamba, wameshikana mama na mtoto na mjukuu, wananyoosha mikono kila upande kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Kile kingine, kisicho na tarishi, ukingo laini kama sarafu. Njaa ile ile, meza ile ile. Hawa wameambiwa, wale hawakuambiwa. Machozi yalinitoka, nikasingizia moshi. Maabara haina moshi.

Nikamwambia binti watakuwa njiani kuondoka sasa, kwenda kutafuta chakula kwingine. Akasema hapana, Shangazi, hawaondoki. Wanachimba. Wakikosa chakula wanazama chini, ndani ya jeli kabisa, huwatoi.

Nikamtazama Bwana Lebo, aliyekuwa mlangoni na kikombe chake. Nikapata wasiwasi fulani. Nikaufukuza.

Binti akaendelea kueleza kuhusu Alhamisi, kitu fulani cha kuweka visahani chini ya bomba la maji, kinachotoka kitoke na kinachobaki ndiyo ushahidi. Sikushika vizuri. Bwana Lebo alikuwa anafyonza chai kwa kelele, na mimi nilikuwa nahesabu mafyonzo. Kumi na moja kwa kikombe kimoja.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Leo nimemfaa mtoto wa kaka yangu, na nalala bila deni la moyoni.

Alasiri binti alishuka mbio kwenda kuchapisha karatasi zake za kesho. Nikaingia kwake kufagia. Kando ya sinki nikakuta visahani vyake sita, vimelowa. Amejaribu kuviosha, maskini. Vitatu vimetoka safi. Vitatu vina ukoko. Ukoko kabisa, umeng'ang'ania kama wa sufuria iliyosahaulika, na alama ya maji imepita juu yake bila kuufanya lolote.

Nikasimama nikafikiri. Kesho jopo linakuja. Wakubwa watatu, wenye macho. Wataona vyombo vya binti wa kaka yangu vimeoshwa nusu. Watasema amelelewa wapi? Na jibu ni kwamba amelelewa na mimi, miaka sita, tangu akiwa na meno ya utoto.

Juu ya kila kimoja kulikuwa na lebo mpya, mwandiko ninaoujua: USIOSHE.

Nilicheka peke yangu. Bwana Lebo anifundishe mimi habari ya kuosha. Nimebandua zote sita, mkebe umejaa hadi mfuniko haufungi. Nikavitia visahani kwenye jiko la mvuke, nikang'oa ule ujiuji wote, nikasugua kwa sabuni, dodoki, na mwisho kwa ukucha. Dua mbili nzima. Nimevipanga kwenye kitambaa cheupe. Unaweza kujitazama meno humo.

Sijamwambia. Aje avikute mwenyewe.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Amevikuta mwenyewe.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alisimama mbele ya kitambaa changu cheupe, akanyanyua kisahani kimoja, akakitazama kwa mwanga kama anatafuta ufa. Saa mbili na dakika arobaini. Jopo saa tatu. Akauliza, nani ameosha ushahidi wangu?

Hapo ndipo nilipokumbuka bomba. Kinachotoka kitoke, kinachobaki ndiyo ushahidi. Ukoko ule ulikuwa ndiyo masomo yake. Hamira zilizochimba, zikang'ang'ania hata maji yasiziondoe, na mimi nikazifuata hadi chini kwa ukucha.

Nilifungua mdomo, hakikutoka hata kikohozi. Habari ilikuwa getini, tarishi hayupo.

Bwana Lebo akasema ni yeye.

Akasema amekosea, alibandika lebo za gundi hafifu, zikadondoka, mtu yeyote wa usafi angeona vyombo vichafu. Akaniangalia wakati anasema gundi hafifu. Kisha akaenda kwenye kabati lake la joto na kurudi na sinia. Visahani sita, mapacha, hamira hiyo hiyo, siku hiyo hiyo, tarehe na saa, havijaguswa na tone la maji. Akamwambia binti, haya Mwanasayansi, usiwaonyeshe ulichokwisha osha. Osha mbele yao.

Nilitazama kupitia kioo cha mlango, nikiomba mfululizo. Wakubwa watatu wamekaa, mmoja anachezea kalamu. Binti akaweka kisahani cha kwanza chini ya bomba, hamira isiyo na tarishi. Ikateleza ikaenda zake na maji, jeli ikabaki tupu. Akaweka cha hamira nzima. Maji yakapita, yakapita, akasugua kwa kidole chenye glavu. Ukoko ukabaki. Yule wa kalamu akaiweka kalamu chini, akainuka, akaomba ajaribu mwenyewe. Akasugua. Ukabaki. Akaanza kucheka kama mtoto.

Miaka miwili. Wamempa pale pale.

Baadaye nikamkuta Bwana Lebo chumba cha kando. Nikamwuliza kwa nini amebeba mzigo wangu. Akamimina chai, vikombe viwili. Akasema kule idara aliyotoka alikaa miaka minne, hakuna aliyejua kama amekunywa chai au hajanywa. Hapa wiki ya tatu tu mtu amejisumbua kumnyima. Akasema na ile chumvi yangu ameiandika daftarini kama chumvi, lakini Mama Mvuke, isionekane tena.

Nikamwambia mtu akinyimwa chai siku nne, kwa kawaida anaondoka. Akasema yeye hakujua.

Jioni nikamwambia binti kweli yote, ukucha na sabuni. Ya mbolea nimeiweka akiba. Alinitazama, kisha akanilalia begani akacheka hadi akapaliwa. Akasema, Shangazi, hata jopo halikusugua kama wewe.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Mkuu ametangaza. Msimamizi wa chumba ni Bwana Lebo. Ufunguo umeshafungwa kikaratasi: UFUNGUO.

Nimepokea kwa utulivu. Nimesali, nimetafakari wiki mbili hizi bila kujipendelea, na nimeona kosa langu lilikuwa wapi. Nilimshika kwa upande usio wake. Binti alisema, na mimi sikusikia: anayenyimwa anachimba, anazama, humtoi hata kwa ukucha. Aliyeshiba ndiye anayekuwa duara, anaachana na wenzake, anakwenda zake. Kumbe nilitakiwa kumlisha.

Leo nimemletea mayai mawili ya kuchemsha, mkate wenye siagi pande zote mbili, na chai ya maziwa vikombe vitatu. Amekula kila kitu. Akanishukuru hadi nikaona haya. Akaosha bakuli langu, akalikausha, akalibandika lebo yenye jina langu na tarehe ya kesho. Kisha akasogeza meza yake karibu zaidi. Ni mwanzo tu, mwili haujapata habari. Habari hupita kwa watu wengi ndani. Kesho yai la tatu. Kufikia mwisho wa mwezi atakuwa duara, atabingirika mwenyewe hadi idara ya mimea.

Binti ameshusha karatasi ya visahani vipya, anaanza jaribio jingine. Chakula cha njaa, ishirini na vinne. Chini ameandika kwa wino mwekundu, amepigia mstari mara mbili: Shangazi, HAKUNA CHA ZIADA. Nimempa neno langu, na nimepima kila kitu kama alivyoandika, Bwana Lebo akiwa shahidi.

Alipotoka kujaza birika nikatia chembe mbili. Mbili tu. Ni Jumatatu, kiumbe hawezi kuanza wiki hivi hivi.